Mwaka wa Manowari ya Chini

Nilikuwa na tonge la pilau mdomoni nilipomsikia kijana aliyeshika maikrofoni akisema kwamba marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa watu wachache sana wa visiwani waliotumikia ndani ya nyambizi za Mwingereza wakati wa vita. Ilikuwa hitima ya Mzee Vuai, aliyetutoka akikaribia miaka mia, katika ukumbi wa kukodi kule Wembley, juu ya duka la sari, na watu tumeketi mikekani wanne wanne kwa kila sinia. Wenzangu watatu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema, "Wale walikuwa watu." Mimi nikalimeza tonge zima zima, likanikwama, nikanywa maji. Ndipo ilipokuwa zamu yangu ya kusimama na kusema kwamba si kweli, kwamba uongo huo niliuanzisha mimi kwa masikio yangu mabovu nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Badala yake nikaomba nisogezewe achari.

Nimerudi nyumbani na hasira ambazo sina wa kumpa. Mke wangu ameniuliza nani kaniudhi, nikamjibu hakuna, naye kwa kuwa ananijua ameniletea chai akaniacha. Nimeshapita hamsini, nina kisukari na goti moja bovu, na aliyeniudhi ni mimi wa wakati ule, kijana mwembamba, mcheshi, mwenye meno yake yote, aliyedhani London ni mahali ambapo ukikitaka kitu kwa nguvu basi kitu chenyewe kinaona haya, kinakuja. Ningempata leo ningemkalisha kitini nikamwambia kitu kimoja tu: mtu mzima akikusimulia jambo, muulize maana yake, usimalizie mwenyewe.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimepanga kwa Da Khadija, binti yake Mzee Vuai, katika flati ya kaunsili, nyumba za halmashauri ya mji, Stratford, ghorofa ya nne. Da Khadija alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akirudi mikono imechubuka kwa sabuni. Mwanawe Rahma alikuwa na miaka tisa, anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakujibu kwa Kiingereza huku anakupa chumvi. Mzee mwenyewe alikuwa na chumba cha dirishani. Mimi nilipewa stoo. Kitanda kikiingia mlango haufungi, na bomba la maji ya moto lilipita juu ya kichwa changu likigugumia. Mtu mwingine angelalamika. Mimi niliipenda stoo ile, kwa sababu ilifanana na chumba cha ndani ya sabmarini, na mwaka huo nilikuwa nimelewa sabmarini.

Ulevi wenyewe ulitoka kwenye televisheni. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walionyesha sinema za zamani za vita, na nusu yake zilikuwa za nyambizi. Nilizijua zote kwa mwendo wake. Kapteni anageuza kofia nyuma mbele, anakumbatia lile bomba la kuchungulia, anasema namba. Halafu wote wananyamaza, jasho linawatiririka, wanatazama dari kana kwamba adui yuko ghorofa ya juu anaburuta viti. Kisha msumari mmoja unachomoka, maji yanaruka, na kuna mmoja, siku zote mdogo kuliko wote, mwenye picha ya mchumba mfukoni, ambaye ukishaiona ile picha tu unajua hafiki. Nililia kila mara. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, na Kiingereza changu kikubwa nilikiokota humo, kwa hiyo niliweza kuamuru meli ipige mbizi futi mia mbili lakini sikuweza kumweleza daktari jino gani linauma.

Mzee Vuai alikuwa akizitazama pamoja nami, yeye kwenye sofa na kikoi chake, mimi chini nimeegemea miguu ya sofa. Hakuwa msemaji. Alikuja Uingereza baada ya Mapinduzi, akafanya kazi viwandani mpaka mgongo ukakataa, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kusali, kumsubiri Rahma atoke shule, na kukosoa wali wa watu. Jumapili moja, katikati ya sinema, watu wamejifungia chini ya bahari na hewa inakwisha, akasema taratibu, kana kwamba anaiambia televisheni: "Miye nilikuwa manowarini. Chini. Miaka mitatu chini."

Niligeuka mpaka shingo ikalia. Kwetu, mitaani nilikokulia, nyambizi lilikuwa neno la redioni. Sisi tulisema manowari ya chini, maana manowari ni meli yoyote ya vita na hii inakwenda chini. Nikamuuliza, chini kabisa? Akasema kabisa, jua huoni. Nikamuuliza joto, akasema usiseme. Nikamuuliza kama hawakuwa wakiogopa.

"Unaogopa kitu kimoja tu," akasema. "Maji yakiingia, wa juu anaruka. Wa chini hatoki."

Rahma akatuambia tunyamaze, hasikii. Mzee akanyamaza, sinema ikaendelea, na mimi sikuiona tena. Mtu wa kweli alikuwa nyuma yangu. Sasa hivi ninayarudia maneno yale kila moja, nalitafuta lililo la uongo, na sioni. Hakuna hata moja. Yote yalikuwa kweli tupu, nami nilikuwa natengeneza sinema yangu kwa maneno ya kweli ya mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ndani ya nyambizi halisi, na ninajua inasikika kama nimetunga. Ilikuwa ya Kirusi, kuukuu, watu binafsi wameinunua dola ya Warusi ilipovunjika, wakaivuta hadi mto Thames upande wa mashariki, wakaifunga ukingoni ili watu walipe kiingilio washuke waione. Ilikuwa na vyumba saba vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi, na kati ya chumba na chumba kuna tundu la duara la chuma, unapita mguu kwanza, halafu kiuno, kichwa mwisho. Ilinuka dizeli na soksi. Vitanda vilikuwa juu ya makombora, na ukutani magurudumu mekundu yasiyo na idadi, kila moja na maandishi ya Kirusi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki. Nyumbani nimepiga deki sakafu za saruji maisha yangu yote, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipiga deki kwenye deki, nikacheka peke yangu, na sikuwa na wa kumweleza kichekesho chenyewe.

Kicheko hakikudumu. Chuma cha nyambizi kinatoka jasho. Ukimaliza kufuta chumba cha saba, cha kwanza kinatiririka. Wageni wakigonga vichwa kwenye yale matundu waligeuka kunitazama mimi. Na kila siku, kila mara, swali lilikuwa moja, choo kiko wapi. Choo kilikuwepo, cha Kirusi, chenye vali nyingi kuliko jiko la hoteli, lakini kilikuwa cha kutazamwa tu, na mtu mwenye shida hataki kuelezwa historia. Nilichokitaka mimi kilikuwa kazi ya kuwatembeza wageni. Watembezaji walivaa kofia ya buluu, wakasimama kwenye tundu wakasimulia, na watu ishirini wananyamaza kuwasikiliza. Katika nchi hii hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuninyamazia. Nilikuwa nimeshakariri maelezo yote kwa kuyasikia huku nafuta; niliyaghani stoo mpaka Da Khadija akagonga ukuta. Nilipomwambia Mzee Vuai ndoto yangu alitabasamu upande mmoja. "Umekuja mpaka Ulaya," akasema, "uje uwe papasi?" Mapapasi, kwa asiyejua, ni vijana wetu wanaowaganda watalii Unguja kama kupe. Lakini aliposema hivyo alinisogezea kipande chake cha samaki.

Meneja aliitwa Colin, mnene, mwema, mwenye haraka. Nilimwomba kazi ile mara tatu. Mara ya tatu alinieleza kwa upole kwamba watembezaji wake wote walikuwa mabaharia wastaafu, watu wenye chao cha kusimulia, na akaniuliza mimi nina nini cha kuwaambia watu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha sinema, kwamba mzee wangu nyumbani, Mzanzibari, alikuwa sabmarini miaka mitatu wakati wa vita kuu, na kwamba hakuogopa kitu ila maji. Colin aliweka kalamu mezani. Kulikuwa na kikundi cha wazee waliotumikia nyambizi za Kiingereza ambao wangekuja mwezi ule kuwakumbuka wenzao, na alitaka mzee wangu awe mgeni wao. Mimi ningemfasiria. Siku ikienda vizuri, alisema, tutazungumza habari ya kofia.

Nilikimbia njia nzima kutoka kituo cha basi. Nilimwambia Mzee kwamba Wazungu wanataka kumheshimu kwa kazi yake ya manowari. Akaniuliza wamejuaje, nikasema nimewaambia. Umewaambia nini? Nikasema, yale yale uliyoniambia. Akatikisa kichwa polepole, akaenda chumbani, na nikamsikia akifungua sanduku. Kwa siku tatu alipiga pasi kanzu ileile. Da Khadija alipoingia jikoni siku ya tatu alikuwa na shaka usoni.

"Sele, ati baba alikuwa sabmarini? Miye najua alikuwa meli."

"Na sabmarini si meli, dada?"

Alisimama na mwiko mkononi, akafikiri, halafu akafunika sufuria. Baba zetu hawakuwasimulia binti zao vita. Kama angeniuliza swali moja zaidi mambo yangeishia palepale kwenye mvuke wa wali. Hakuniuliza, na mimi nilishukuru.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma masikio. Wazee walikuwa kumi na wawili, makoti yamejaa medali, wakatupa shada la maua mtoni, wakasimama. Mzee Vuai alisimama nao, kanzu inachungulia chini ya koti, kofia yake ya viua iliyodariziwa kichwani, mikono ameinua anaomba dua. Nilimwona mzuri kuliko wote. Kisha tukashuka ngazi kwenda kunywa chai ndani. Hapo nilimwona akisita. Alishika ngazi, akatazama lile shimo, akanitazama mimi, akateremka. Ndani tulibanana kwenye meza ndogo ya mabaharia, na mmoja wao, mzee mrefu mwembamba anayeitwa Stan, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, akamwinamia Mzee wangu kwa furaha akamuuliza, sabmarini yake ilikuwa ipi.

Mzee Vuai hakunisubiri nifasiri. Aligeuka akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, uso umetulia kama mtu anayeomba sukari: "Huyu anasema sabmarini. Sabmarini ya nani?"

"Yako, Mzee. Si ulisema ulikuwa manowari ya chini?"

"Nilisema nilikuwa chini. Chini ya manowari, kwenye moto. Meli ya makaa, mwanangu, inafagia mabomu ya baharini. Wa juu wako deki, miye nachochea chini."

Nikaelewa. Mabaharia wa zamani walikuwa na lugha yao. Meli ilikuwa na juu na chini tu, na chini ni kwenye injini na matanuri, ambako watu weusi waliwekwa. Mtoto yeyote wa baharia angejua. Mimi nilikuwa mtoto wa televisheni. Colin alikuwa amesimama kwenye tundu na kamera shingoni, anatabasamu, anasubiri nifasiri. Stan anasubiri. Wazee kumi na mmoja wanasubiri. Nilifungua mdomo na Kiingereza chote, hata kile cha kupiga mbizi, kikaniruka.

Mzee alinitazama. Uso wangu ulikuwa umeshamweleza kila kitu, habari ya kofia na habari ya kughani stoo. Akaniuliza, "Unaitaka hii kazi?"

Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa, na hilo ndilo jibu baya zaidi nililowahi kutoa.

Akamgeukia Stan, na kwa Kiingereza chake cha bandarini, maneno manne matano, akamwambia kwamba ilizama. Wenzake wamekwisha. Kabaki yeye. Hakutaja sabmarini, hakutaja jina. Stan akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akaacha kuutikisa, na machozi yakaanza kumtoka yule mzee wa Kizungu bila sauti. Mmoja akavua beji yake ndogo akambandika Mzee kifuani. Colin akapiga picha. Na Mzee Vuai, ambaye hajawahi kumwambia mtu amekula kama hajala, alikaa mbele yao saa nzima akipokea chai, biskuti na heshima za watu wengine, mgongo wima, hakugusa biskuti.

Kwenye basi alikaa dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ningeshukuru kugombezwa. Tulipokaribia Stratford akasema, "Kanililia miye. Na miye si wake." Akaibandua ile beji, akanipa mkononi, akatazama nje.

Wiki iliyofuata nikapewa kofia. Na Mzee Vuai akaacha kula nami. Nyumba ile tulikula sinia moja, watu wanne, yeye akigawa samaki kwa vidole kana kwamba anagawa urithi. Sasa nikirudi ananiambia, "Miye nishakula, mwanangu," kwa upole uleule, anaingia chumbani. Kupitia mlangoni ninasikia kijiko kinagonga sahani. Hakuninunia, hakunisema kwa Da Khadija. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba kamili, na akaniuliza hali ya mguu wangu nilipojigonga. Hakuna njia ya kumwomba msamaha mtu ambaye hakasiriki. Nilijaribu. Nilisimama mlangoni kwake nikaanza, "Mzee, ile siku," naye akasema, "Kaniletee maji, Sele." Nikaleta maji. Alishukuru.

Nilidhani angalau kazi itanipoza. Colin alikuwa ameifanya picha ile kubwa, akaitundika chumba cha nne, juu ya meza, na chini yake maandishi kwamba huyu Mzanzibari alipigana chini ya mawimbi. Zaidi ya hayo aliongeza aya nzima kwenye karatasi ya maelezo. Mara nne kwa siku nilisimama chini ya picha ya Mzee wangu na kuisimulia, na watu ishirini wakaninyamazia, kile nilichokuwa nimekililia. Wanawake waliweka mkono kifuani. Nilienda kwa Colin nikamwambia kuna makosa, mzee alikuwa meli ya makaa, mimi ndiye niliyesikia vibaya. Alicheka akanipiga bega, akasema karatasi zimeshapigwa plastiki. Nikarudi siku nyingine nikamwambia tena, kwa maneno niliyoyaandika usiku kucha kwa kamusi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kweli alinisikiliza, halafu akasema wazee wamefurahi, wageni wamefurahi, mzee wako ana picha ukutani, sasa nani ameumia? Nikataka kumjibu na nikakosa neno. Hata leo silijui kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningemwambia, samaki hagawiwi tena nyumbani kwetu, na yeye angeona nina wazimu. Nikamtafuta Stan kwa simu. Aliyepokea akaniambia anapumzika, masikio yamezidi kuwa mazito, na kwamba anamtaja rafiki yake wa Zanzibar kila siku.

Kisha likaja darasa la Rahma. Mwalimu wake alikuwa amemsikia akijisifu juu ya babu yake, akawaleta wote thelathini, vikoti vya njano, wanapita kwenye matundu kama vifaranga. Rahma alisimama chini ya picha, kifua mbele, akawaambia wenzake yule pale ni babu yake. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ili wote wasikie, babu alikuwa akilala kitanda kipi. Nyambizi yenyewe ya Kirusi, mzee mwenyewe wa Uzini, Unguja, lakini nani anahesabu. Watoto thelathini walinitazama. Nilinyoosha kidole nikaonyesha kitanda cha kati, na Rahma akakiwekea kiganja chake, akakiacha hapo kidogo, namna watu wanavyogusa kaburi.

Mzunguko uliofuata ulikuwa na watu kumi na mmoja na mtoto mchanga. Nilipofika chini ya picha niliiweka ile karatasi ya plastiki juu ya meza. Nikawaambia kwamba mtu huyu hakuwahi kuwa ndani ya sabmarini mpaka siku ya picha hii. Alikuwa chini ya meli ya makaa, akichochea moto, na mimi nilimsikia vibaya kwa sababu ya sinema, na yeye alinyamaza ili mimi nipate kofia hii. Niliyasema yote, Kiingereza kimepinda lakini kinakwenda. Nilikuwa tayari kwa lolote, kuzomewa, kuitiwa Colin, kuvuliwa kofia pale pale. Mwanamume mmoja alikohoa. Mtoto akalia. Na mwanamke mwenye begi jekundu akainua mkono, akaniuliza choo kiko wapi.

Hakuna lililotokea. Hakuna aliyelalamika, Colin hakujua, kofia nikabaki nayo. Niliacha kuisoma ile aya na hakuna aliyegundua kwamba haipo. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa na hasira kuliko siku zote, maana nilikuwa nimejitoa mhanga na hakuna aliyehudhuria.

Nilimkuta Mzee peke yake, Da Khadija kazini, Rahma chuoni kusoma Kurani. Nikamwambia nikiwa bado na koti. Nimewaambia, Mzee. Nimesema kweli mbele ya watu.

"Watu wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na mtoto."

"Wakasemaje?"

"Mmoja aliuliza choo."

Alinikazia macho. Kwanza mabega ndiyo yaliyotikisika, halafu kikatoka kicheko chembamba, cha pua, kikamletea kikohozi, akashika mkono wa sofa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi. Nikamuuliza kama nimwambie na Rahma. Kicheko kikakatika, akasema huyo mwache, ana kitu chake cha kujivunia katika nchi hii, usimpokonye kwa ajili ya kuusafisha moyo wako. Basi nimemwacha mpaka leo, na sijui kama ni utii au woga. Halafu akasimama, akateremsha sinia kutoka juu ya kabati, akapakua wali wa jana na mchuzi wa papa, akaliweka mezani, akakaa. Akanigawia samaki.

Katikati ya kula, akiwa anatazama wali na si mimi, akaanza. Tulikuwa sita chini, akasema. Miye, na Faki, na Mnyasa mmoja tukimwita Bwana Jumatatu, na wengine watatu. Ilizama kweli, usidhani niliwadanganya wale wazee. Bomu lilipiga upande wa mbele. Miye nilikuwa nimepanda kumwaga majivu. Meli ikalala hivi, akaonyesha kwa kiganja. Nikarudi mpaka kwenye mlango. Mlango ulikuwa wa chuma, unafungwa kutoka juu, na kulikuwa na amri, maji yakiingia ufungwe. Nikaushika mpini, na Faki kutoka chini akaniita kwa jina.

Ufunguo ukagonga kwenye kitasa. Da Khadija aliingia na mifuko ya soko miwili kila mkono, Rahma nyuma yake anataka televisheni, na Da Khadija akasimama akatuona kwenye sinia moja, akatabasamu, akajifanya hakuona. Mzee akakata hadithi, akamega tonge. Baadaye, nilipokuwa naosha vyombo, alikuja kando yangu akasema Jumapili hao wawili wanakwenda harusini Wembley asubuhi, tutakuwa sisi tu. "Nitakumalizia," akasema.

Jumapili saa moja asubuhi Colin akapiga simu. Watembezaji wawili wanaumwa, wageni wamejaa, na akanitaka niongoze siku nzima, mimi mkuu wa wote, kwa mara ya kwanza. Nilisimama na simu sebuleni. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye sofa, amevaa shati safi, birika la chai mbele yake na vikombe viwili. Nikamwambia, Mzee, wananiita, tutazungumza jioni. Akasema, "Nenda, mwanangu. Kazi ni kazi." Nikaenda. Nilisimulia vizuri siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Jioni nilirudi mbio, nikanawa mikono, nikakaa mbele yake kwenye sinia. Da Khadija na Rahma walikuwa bado hawajarudi. Nikamwambia, haya Mzee, niko hapa, ulikuwa umefika kwenye mlango.

Alikuwa akichambua miba ya samaki kwa uangalifu, anaipanga ukingoni mwa sinia. Hakuinua macho.

"Mlango gani?" akasema, akanisogezea kipande.